Mtoto Anapodharauliwa kwa Asili Yake

Mtoto wa miaka mitatu au minne huona kwamba watu hutofautiana kwa rangi, lafudhi na majina. Hilo si baya. Ubaya huanza anapojifunza kutoka kwetu wakubwa kwamba tofauti fulani ni ya kuchekwa.

Katika miaka ya 1940 huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere weupe na weusi. Wengi walisema mweupe ndiye mzuri. Walipoulizwa ni yupi anayefanana nao, baadhi yao walilia.

Hapa Kwale mfano uko karibu. Wazee wa Kimakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, na jamaa zao wakaishi hapa miongo mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Wapemba walitambuliwa mwaka 2023. Karatasi zimepatikana, lakini kejeli haiondolewi na muhuri wa serikali.

Mtoto anayeishi akitarajia kudharauliwa hukaa macho muda wote. Homoni za msongo zikibaki juu kwa muda mrefu, huvuruga usingizi, hamu ya kula na umakini darasani. Angalia mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayelalamika tumbo kila asubuhi ya shule, au anayekataa ghafla lugha ya nyumbani. Mzazi naye huumia: mama aliyejibiwa kwa dharau mjini hurudi na uchungu wake, na mtoto humsoma usoni kabla hajasema neno.

Baadhi ya wazazi huamua kuficha. Humwambia mtoto asiseme Kimakonde njiani. Tunaelewa sababu, ila mtoto husikia kwamba kwao ni aibu. Utafiti umeonyesha kwamba watoto wanaofundishwa kujivunia asili yao hustahimili ubaguzi vizuri zaidi. Basi nyanya na azungumze lugha yake, babu aonyeshe jinsi mpingo unavyochongwa, na ile safari ya 2016 isimuliwe jioni kama hadithi nyingine yoyote. Mtoto akiuliza kwa nini nyanya ana chale usoni, asinyamazishwe. Aelezwe zilichanjwa wapi na maana yake.

Shule za chekechea ziko chini ya kaunti. Mtoto wako akiitwa jina la dharau, mweleze mwalimu siku hiyohiyo, ukitaja maneno yaliyotumika. Kwa mwalimu, kazi ya kwanza ni ndogo: kujifunza kutamka jina la kila mtoto sawasawa.

Chini ya Katiba, Kifungu cha 53, kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Aliyezaliwa nyumbani, taarifa yake ipelekwe kwa naibu wa chifu kabla ya miezi sita kupita.