Programu Zilizopitwa na Wakati (2): Mtengenezaji Naye Ana Deni

Sehemu ya kwanza ilieleza kwa nini kompyuta za zamani bado zinatumika katika steshenari za Kasulu na Kibondo, ambako mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hufika na cheti cha kuzaliwa mkononi na flashi mfukoni. Leo tuulize: programu za mashine hizo zikizeeka, mzigo ni wa nani? Wengi humtwisha mwenye mashine peke yake. Naona mtengenezaji naye ana fungu lake, hasa pale alipomzoesha mteja njia zake badala ya viwango vya wote. Kivinjari cha Internet Explorer 6 cha Microsoft, kilichotoka mwaka 2001, kilisoma kurasa kwa namna yake, na taasisi nyingi duniani zikajenga mifumo iliyofunguka humo tu. Nchini Korea Kusini, huduma za benki mtandaoni zilitegemea ActiveX, teknolojia ya nyongeza ya kivinjari hicho, kwa miaka mingi. Waliochelewa kuhama hawakuwa wavivu. Kuhama kulimaanisha kujenga upya.

Atasema mtu kwamba hakuna mfanyabiashara awezaye kuhudumia bidhaa milele, na kwamba Windows XP ilihudumiwa zaidi ya miaka 12, hadi Aprili 8, 2014. Ni kweli. Lakini Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipovuruga hospitali za Uingereza, Microsoft ilitoa kwa wote kiraka cha XP, yaani sasisho la kuziba pengo la usalama, ambacho awali kilikuwa cha wateja wenye mikataba maalumu ya kulipia. Kumbe kazi ilikwishafanyika. Kilichobaki kilikuwa kuigawa. Windows 10 nayo ilifikia ukomo Oktoba 14, 2025. Watumiaji binafsi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya walipewa mwaka mmoja zaidi wa viraka bila malipo, ilhali kwingineko mtu alitakiwa kuhifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya kampuni, kutumia pointi zake za zawadi za Microsoft, au kulipa dola 30. Tofauti hiyo ilitokana na sheria na shinikizo la watetezi wa walaji, wala haikuwa ya kiufundi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi walioathirika mwaka 2017 walitumia Windows 7, ambayo kiraka chake kilitoka Machi, na kwamba wapo wanaotumia kopi zisizo na leseni. Uzembe huo upo. Hata hivyo, mwenye steshenari anayenunua bando kwa fedha yake huzima masasisho kwa sababu yanalimaliza. Na kirusi hakiulizi leseni: kikiingia mashine moja, kinaweza kutoka na flashi ya kila mteja.

Kwa hiyo madai ni matatu: tarehe ya ukomo itajwe siku ya mauzo, kiraka cha usalama kikishatengenezwa wapewe wote, na muundo wa mafaili uwekwe wazi ili kazi ya mtu ihamishike. Kijiji hakiwezi kuishinikiza kampuni ya Marekani, lakini serikali ni mnunuzi mkubwa, na Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019 ya Tanzania imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao (e-GA) nafasi ya kuweka viwango. Sehemu ijayo itaeleza jinsi masharti hayo yanavyoweza kuingizwa katika zabuni za halmashauri.