Maji Nayo Huvuta Pumzi

 

Yeyote mwenye bwawa la samaki huenda amepata kuona jambo hili. Ni alfajiri, jua halijatoka. Perege wote wamepanda juu, vinywa vyao viko kwenye uso wa maji, wanatweta. Jana mchana walikuwa wazima, na chakula walipewa. Je, wamerogwa? Hawakurogwa. Wamekosa pumzi.

Samaki, kama sisi, huhitaji hewa iitwayo oksijeni. Lakini yeye huipata ndani ya maji, na humo imo kidogo sana. Lita moja ya hewa ina oksijeni kiasi cha mililita 210. Lita moja ya maji ya nchi za joto huwa na kiasi cha mililita 6 tu. Mchana mimea ya majini hutengeneza oksijeni kwa mwanga wa jua. Usiku haitengenezi, bali nayo huitumia. Ikifika alfajiri, akiba inakaribia kwisha. Nyingine itoke wapi? Sharti itoke hewani, ipite katika uso wa maji.

Hapo ndipo penye shida. Chukua bilauri ya maji, uyaache yatulie. Tia tone moja la wino taratibu. Wino utasambaa polepole. Sasa koroga. Mara moja maji yote yamegeuka rangi. Oksijeni nayo ni vivyo hivyo. Katika maji yaliyotulia husambaa polepole sana, kiasi cha mara 10,000 kuliko hewani. Maji yakikorogwa, hufika chini upesi.

Basi sikilizeni jambo la ajabu. Hata upepo ukivuma, juu kabisa ya maji hubaki utando usiokorogeka vema. Si kitu kingine, ni maji yale yale. Unene wake haufiki milimita moja, na upepo ukiwa mkali huweza kuwa mwembamba kama unywele. Utando huo ndio mlango wa pumzi ya maji.

Wataalamu wataukaguaje mlango mwembamba hivyo? Ukitia kijiti, umeuvuruga. Hata sindano huuvuruga. Kwa hiyo hutumia kitu kisichousukuma, nacho ni mwanga.

Njia ya kwanza ni hii. Huondoa oksijeni majini, kisha hutia rangi ya namna yake. Rangi hiyo ikipigwa na mwali wa leza, yaani mwanga mwembamba wenye nguvu, hung'aa. Lakini oksijeni ikiigusa, mng'ao hufifia. Kamera hupiga picha. Penye giza, oksijeni imeingia. Penye kung'aa, bado. Ndivyo wanavyoiona hewa ikiingia majini, ingawa haina rangi.

Njia ya pili hutumia joto. Huupasha uso wa maji joto kidogo kwa leza, na kamera inayoona joto hutazama linavyopungua. Likiondoka upesi, maji yanakorogeka vema, na hewa nayo hupita upesi. Katika Chuo Kikuu cha Heidelberg, Ujerumani, kuna hodhi la kazi hii lenye umbo la pete, upana wake kiasi cha mita 10. Upepo na mawimbi huzunguka humo bila kugonga ukuta wa mwisho, kama bahari isiyo na pwani.

Wamejifunza nini? Upepo ukizidi, utando hupungua unene na hewa hupita kwa wingi. Mafuta yakitanda juu ya maji, hutuliza mawimbi madogo, na mlango hufungwa nusu.

Jambo hili ni kubwa kuliko bwawa lako. Tunapochoma makaa ya mawe na petroli, hewa ya kaboni dayoksaidi hupanda angani na kuzidisha joto la dunia. Bahari humeza kiasi cha robo yake, nayo hupita katika utando huo huo. Asiyeujua mlango hawezi kukadiria kitakachoingia.

Na wewe mwenye bwawa, ukiwaona samaki wanatweta, usiwaongezee chakula. Koroga maji, au mimina maji safi kutoka juu ili yaanguke kwa kishindo. Ondoa magugu yaliyofunika uso wa maji. Usioshe makopo ya mafuta humo. Fungua mlango, samaki wavute pumzi.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Kwa nini samaki hutweta alfajiri kuliko mchana?
2. Kwa nini wataalamu hutumia mwanga, si kijiti?
3. Je, bwawa lililozungukwa na miti mirefu litapata hewa ya kutosha? Toeni sababu.