Wastani wa Alama katika Shule Ndogo ya Mashambani

Tangu mtihani wa KCPE ulipoanza mwaka 1985 hadi ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, shule za msingi nchini Kenya zilizoeleka kupimwa kwa wastani wa alama. Kipimo hicho chaonekana cha haki. Hata hivyo, kwa shule ndogo ya mashambani hupotosha.

Hesabu yenyewe yadhihirisha jambo hili. Mtahiniwa mmoja kati ya wanane akiugua siku ya mtihani na kupungukiwa na alama 80, wastani wa shule hushuka kwa alama 10. Penye watahiniwa 80, upungufu uo huo hushusha wastani kwa alama 1 tu. Hivyo shule ndogo yaweza kusifiwa mwaka huu na kulaumiwa mwakani, ilhali mwalimu ni yule yule.

Idadi hugusa mapato pia. Elimu ya bure ilipoanza mwaka 2003, serikali ilitenga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi. Watoto 60 walistahili shilingi 61,200. Watoto 600, shilingi 612,000. Na shule zote mbili zilikuwa na madarasa manane ya kufundishwa.

Kwa hiyo, kabla ya kuihukumu shule ya namna hii, yafaa matokeo ya miaka kadhaa yasomwe pamoja, na iulizwe: watahiniwa walikuwa wangapi, na lugha ya mtihani waliisikia wapi nje ya darasa? Wastani pekee haujibu maswali hayo.