Ndege inayopigwa nyungu

Sufuria ilikuwa juu ya jiko la mkaa, imefunikwa kwa sinia, mvuke ukipenya pembeni. Nilidhani ni chai. Nilikuwa nimekwenda kuchukua redio ya mama yangu, ambayo mzee huyu alikuwa ameitengeneza, na kwa watu wa rika lake mgeni wa asubuhi haondoki bila kikombe. Nikavuta kigoda. Mzee akafunua sinia, akainua ndege ya futi nne iliyopondeka pua kama kopo lililokanyagwa na gari, akaizamisha pua ile kwenye maji yanayotokota.

"Nihesabie hadi arobaini, binti," alisema. "Usikimbize."

Nilihesabu. Nilipofika ishirini, pua ilianza kuvimba. Mikunjo ilijinyoosha mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtoto anayeamka. Penye shimo la kuingia ngumi pakajaa. Nilipofika arobaini aliitoa, akaikumbatia kwa kitambaa kinene, akaikandakanda kwa viganja viwili mpaka pande zote zikalingana, kisha akaimwagia maji ya baridi. Akanipa niishike. Ilikuwa pua ya ndege tena, yenye joto kidogo.

"Hapa mtaani wanasema naipiga nyungu," alisema. "Na hawakosei."

Nimeshakwenda kwake mara nne tangu siku ile. Redio ya mama ilikwisha kufika nyumbani siku ya kwanza.

Mzee huyu ameniomba nisimtaje jina. Majirani wanamwita Mwalimu, ingawa kazi yake ilikuwa ufundi wa maabara ya fizikia katika shule ya sekondari, hadi alipostaafu. Anaishi Dodoma, anatengeneza redio na pasi za watu, na kila Jumamosi kabla ya jua kupanda anarusha ndege ndogo za umeme zinazoongozwa kwa rimoti. Ndege anazo tatu. Iliyoning'ang'ania akilini ni hii ya pua, aliyoinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao.

Mwili wa ndege hii ni foamu ya aina inayoitwa EPO. Ukiitazama kwa karibu ni punje ndogondogo zilizoshikamana, kila punje ikiwa na vijumba vya hewa ndani yake. Ndege ikigonga ardhi punje zinabonyea, kuta za vijumba zinakunjamana, lakini nyingi hazipasuki. Maji ya moto yanalainisha kuta hizo, na hewa iliyofungiwa ndani inapopata joto inatanuka na kuzisukuma nje. Mwalimu hakunieleza hivyo kwa haraka. Alichukua mpira wa mezani uliobonyea, akautumbukiza kwenye sufuria ileile, ukaruka juu ukiwa mviringo. "Ni jambo moja," alisema. "Punje hizi ni mipira elfu kadhaa."

Kisha akaongeza jambo ambalo mtu wa maabara tu ndiye angelikumbuka mbele ya jiko la mkaa. Dodoma iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hivyo maji yake huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. "Kwa foamu ni heri," alisema. "Ukizidisha moto ngozi inatoka vipele." Alinionyesha ubavu wenye vipele, kazi ya miaka ya mwanzo alipokuwa na pupa. Na si kila foamu inakubali tiba hii. Ile nyeupe inayofungiwa televisheni dukani humomonyoka punjepunje, na ukiigusa kwa supa gluu inaliwa kama sukari kwenye maji.

Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Foamu nayo hukunjwa ingali moto, na hapo ndipo mkono wa Mwalimu unapohitajika, maana maji yanarudisha ujazo lakini hayajui umbo. Kila nyungu inaiacha pua ikiwa nene kuliko awali. Ameipima kwa kalipa: imeongezeka milimita 6 tangu aanze. Imekuwa laini pia, kwa hiyo ameichomeka vijiti vinne vya mishikaki kwa ndani na kuvigandisha kwa gundi ya maji mawili. Nilimuuliza kama bado ni ndege ileile. Alifikiri kwanza. "Inakumbuka ilivyokuwa," alisema. "Haikumbuki yote."

Lakini kilichonirudisha pale kiko chini ya kifuniko cha betri.

Siku ya pili alipokuwa akifungua kifuniko hicho niliona maandishi ya penseli upande wa ndani, madogo, yamepangwa mistari kama daftari la deni la duka. Tarehe, kisha neno moja. Nilidhani ni kumbukumbu za safari. Zilikuwa kumbukumbu za kuanguka, mistari 17, na mbele ya karibu kila tarehe kuna sababu. Upepo. Servo. Mimi. Mimi. Gundi. Mimi. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa "Mbuyu", ukakatwa, pembeni pakaandikwa "Mimi".

"Mbuyu haukusogea," alisema alipoona nimekwama hapo.

Nilihesabu. Upepo mara moja, servo, yaani mota ndogo inayosogeza usukani, mara mbili, gundi mara moja, betri mara moja. "Mimi" mara 11. Mwandishi wa habari huzoea taarifa za ajali zisizo na mtenda: gari liliacha njia, nguzo ilianguka, moto ulizuka. Nilikuwa sijawahi kuona orodha ambayo mwenye chombo amejiandika mwenyewe mara 11, kwa penseli, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

"Huwezi kutengeneza kabla hujajua," alisema. "Hawa vijana wangu ndege ikianguka wanasema, Mwalimu, ni ajali. Nawaambia ajali ndiyo tunayoitafutia sababu, sasa itakuwaje sababu yenyewe? Kama ni servo, nabadilisha servo. Kama ni mimi, nabadilisha mimi. Nikiandika servo wakati ni mimi, nimetupa servo nzima na nimebaki na rubani mbovu."

Alipoinunua, ndege hii ilikuwa na mota ya brashi, yenye vipande vya kaboni vinavyosuguana na kulika. Ilipaa kwa taabu. Mchezo huu ulianza hivyohivyo, kwa taabu: Juni 30, 1957, huko Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya umeme iliyoongozwa kwa redio, na kwa miongo mingi baadaye betri ziliendelea kuwa nzito kuliko nguvu zake. Mabadiliko makubwa yaliletwa na betri za lithiamu polima na mota zisizo na brashi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa mchezo walikuwa wakifumua mota za visomeo vya CD, wakizisuka upya kwa waya wa shaba na kuzitia sumaku kali za neodimiamu. Mwalimu alijaribu hilo kwa kompyuta zilizotupwa. Mota aliyoisuka anayo bado, ndogo kama kifuniko cha soda, na aliniwekea kiganjani kwa uangalifu kama anayempa mtu kifaranga. Mizunguko ya waya ikipungua, alisema, mota inakwenda kasi zaidi na kula umeme zaidi. Alisuka, akafumua, akasuka tena, mara tano.

Ndege ya pua alikuja kuipa mota ya kununua, ya KV 1,000. Namba hiyo ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, kabla ya panga kufungwa. Kwa betri ya seli tatu, yaani volti 11.1, ni mizunguko 11,100. Mota isiyo na brashi ina nyaya tatu. Siku ya kwanza ilizunguka kinyume, akabadilisha nafasi za nyaya mbili kati ya hizo, ikanyooka. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Mota mpya ilikuwa nyepesi kuliko ya zamani, kwa hiyo uzito ukahamia nyuma, na hapo ndipo ndege nyingi hufa. Mwalimu huinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi moja kutoka ukingo wa mbele, na kutazama inainamia wapi. "Pua nzito utahangaika nayo," alisema. "Mkia mzito utauzika." Alisogeza betri mbele sentimita 3. Kisha nguvu mpya ikakunja mabawa yaliyoumbwa kwa nguvu ya zamani, akayapitishia bomba jembamba la aluminiamu lililokuwa antena ya televisheni. Kila uboreshaji ulimpeleka kwenye udhaifu uliofuata.

Betri anazichaji uani, ndani ya chungu chenye mchanga, naye amekaa palepale. Volti 4.2 kwa kila seli, haivuki. Zilizovimba anazitenga kwenye chungu cha pili, ambacho sasa kimefika shingoni. "Hizi sizitupi jalalani, watoto wanaokota," alisema. "Lakini niambie nizipeleke wapi." Sikuwa na jibu, nami siku hizi nakitazama chungu kile kila ninapopita uani.

Jumamosi moja alinichukua kwenda kuruka. Tulitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, upande wa Hombolo, mbali na uwanja wa ndege, hadi kwenye shamba la mtama lililokwisha kuvunwa. Mwenyekiti wa kitongoji anamjua, na vijana watatu wa sekondari walikuwa wamemtangulia. Wenye shamba huita ndege yake droni, na wakati mwingine mtu mpya huja kuuliza kama anapiga picha. Haina kamera. Kibali cha ndege zisizo na rubani hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Mwalimu haruki kabla ya kufuata utaratibu, ila linamsumbua kwamba kanuni zikitajwa, watu huwaza kwanza chombo chenye macho. Foamu iliyopikwa kwenye sufuria, panga moja na vijiti vya mishikaki, inaingia fungu lipi katika fikra za watu? Aliniuliza mimi, kama ninavyowauliza ninyi.

Kabla ya kuruka alisukuma kila usukani kwa kidole, akasikiliza servo, gramu 9 kila moja, akazitikisa. Mmoja wa vijana akasimama kinyume na upepo, akainyanyua ndege, akaisukuma. Ikaenda. Sikutegemea utulivu ule. Mota ilivuma kama nyuki aliye chumba cha pili, na mibuyu ikawa imesimama pande zote kama watu wazima wanaotazama.

Kuongoza ndege usiyokaa ndani yake kuna mtego mmoja. Ikikupa mgongo, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ikigeuka kukujia, kushoto kwake kumekuwa kulia kwako, na kidole lazima kigeuke pamoja nayo bila kukaa kufikiri. Karibu "Mimi" zote za miaka ya mwanzo, alisema, zilitoka hapo.

Ilipotua, alifungua kifuniko kutoa betri, nami nikauliza kuhusu mstari wa 17, wa mwisho. Ndio pekee usio na neno. Una alama ya kuuliza.

Alikaa chini kwenye mabua. Asubuhi ile, alisema, ndege ilikuwa ikirudi kuelekea kwake, ikainama, ikaingia ardhini. Kama betri ingekwisha, mota ingezimwa na kidhibiti na usukani ungebaki. Mota haikuzimika. Kama mawimbi yangepotea, kipokezi kimewekwa kizime mota. Mota ilikuwa ikivuma mpaka ilipogusa ardhi. Kama umeme wa kipokezi ungeshuka kwa sababu ya servo iliyokwama, mota ingekatika pia japo kwa sekunde, na servo zote alizipima mezani kwa saa mbili zikawa nzima. Nyaya za usukani zilikuwa mahali pake. Upepo haukuwepo. Jua lilikuwa nyuma yake.

"Basi umebaki wewe, Mwalimu," nilisema, na nikajuta.

"Ningeandika Mimi, na ingekuwa rahisi," alijibu. "Lakini Mimi ipi? Kidole kilikosea, au niliona vibaya? Kidole nakirekebisha kwa mazoezi. Ukiandika sababu usiyoijua, hata ukijilaumu, bado umedanganya."

Akainuka kuweka betri ya pili.

Safari hiyo kijana mmoja alihama kutoka kwa wenzake, akaja kusimama begani kwa Mwalimu. Hakuna aliyemwita. Ndege ilipokwenda mbali ikawa doa jembamba juu ya mibuyu, na ilipogeuka kurudi, kijana akasema kwa sauti ndogo, ya heshima, "Inainamia kulia, Mwalimu."

"Naiona," alisema Mwalimu.

Nilikuwa natazama mikono yake. Kidole kilisogea baada ya sauti ya kijana.