Kadi ya Mtoto Isomwe Kijijini

Ndugu msomaji wa Masasi na Newala, msimu wa korosho wazazi hushinda shambani, na mtoto huachiwa uji mtupu wa muhogo. Muhogo hushibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Changanya uji huo na unga wa karanga au kunde. Mpeleke mtoto zahanati kila mwezi akapimwe uzito mpaka atimize miaka 5. Mstari wa kadi ukilala au ukishuka, usingoje augue. Omba ushauri siku hiyo hiyo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya chakula, matibabu na kucheza. Basi katika mkutano mkuu wa kijiji ulizeni: watoto wangapi hawakui, na sisi tutafanya nini?