Kuchacha si Kuharibika: Kutoka Korbesa hadi Japani

Mzungumzaji wa Kiswahili akiambiwa chakula kimechacha, aghalabu hukimwaga. Makala haya yanashikilia kuwa matumizi hayo yanaibana maana ya kitenzi hicho. Miongoni mwa Waborana, jamii ya wafugaji iliyopo pia Korbesa, Isiolo, maziwa hutiwa katika gorfa, chombo kilichosukwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi. Bakteria huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi. Maziwa huganda, maji yake huondolewa, kisha mengine mabichi huongezwa. Hiyo ndiyo ititu, akiba idumuyo kuliko maziwa mabichi.

Wajapani nao hupamba supu ya tambi iitwayo rameni kwa menma, yaani machipukizi ya mwanzi yaliyochemshwa, yakachachushwa na bakteria wa kundi lilo hilo, kisha yakakaushwa. Maziwa na mwanzi, basi, vimehifadhiwa kwa njia moja.

Hivyo basi, kamusi zetu hazina budi kupambanua "kuchacha" kwa maana ya kuharibika na "kuchachusha" kwa maana ya kuhifadhi. La sivyo, mfasiri ataiita hazina ya mfugaji uozo.