Hatari ya Usiku wa Muziki Iko Njiani

Wazazi wa Kingolwira huulizana mara kwa mara: Je, yafaa kumruhusu kijana aende mjini Morogoro usiku kusikiliza bendi? Mmoja hujibu upesi, "Hapana, yale ni makelele ya shetani." Mwingine hunyamaza tu, na kijana hutokea mlango wa nyuma. Majibu hayo yote mawili hayamsaidii kijana. Yatupasa kwanza tulitazame jambo lenyewe.

Makelele ya vijana si ya kwetu peke yetu. Mwaka 1974 vijana wanne wa Marekani waliojiita Ramones walianza kupiga katika klabu ndogo ya mji wa New York iitwayo CBGB. Muziki wao wa roki uliitwa panki. Walikuwa na gitaa moja, besi moja, ngoma, na mwimbaji, basi. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1976, ina nyimbo 14, na zote pamoja hazifiki nusu saa. Wengi waliona ni fujo tupu. Lakini vijana waliupenda, maana haukudai vyombo vya thamani wala masomo marefu. Mwenye neno la kusema aliweza kulisema. Huko Johannesburg, mwaka 1979, bendi ya National Wake iliwaweka vijana weusi na weupe katika jukwaa moja, wakati serikali ya ubaguzi ilipokuwa ikiwatenga. Basi, si kila kelele ni upuuzi.

Sisi wa Morogoro tusishangae, kwa kuwa mji wetu nao ulijulikana kwa ajili ya muziki wa usiku. Bendi ya Morogoro Jazz ilianza mwaka 1944. Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928, alipenda mno santuri za kutoka Kuba, na mwaka 1948 akaanzisha kikundi chake, ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la Cuban Marimba. Bendi hizo mbili zilishindana vikali, na kila moja ilikuwa na wapenzi wake. Kisha akatokea Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake, Super Volcano.

Dansi la namna hiyo lina taratibu zake. Watu hulipa kiingilio mlangoni. Wimbo huanza polepole ili maneno yasikike. Kisha gitaa la solo hushika kasi, na hata aliyekuja kutazama tu hujikuta amesimama. Na maneno yenyewe si ya kupuuzwa: mengi huonya juu ya ulevi, huonyesha taabu za ndoa, au humlilia aliyefiwa.

Wengine watasema kwamba ngoma na Ukristo havipatani. Tukumbuke kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake, hata katika ibada. Leo ngoma zinapigwa Misani, na hakuna anayekimbia. Chombo hakina dhambi. Dhambi, kama ipo, imo katika mambo anayoyatenda mtu.

Basi hatari iko wapi? Tazameni mwisho wa wale mabingwa wetu wawili. Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe naye alikufa kwa ajali ya gari karibu na Mombasa, Januari 1979. Wote wawili walikuwa hawajafikia miaka 40. Hawakuuawa na gitaa. Waliuawa na barabara.

Nasi wa Kingolwira tunakaa kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam. Usiku malori na mabasi hupita kwa kasi. Kijana anayerudi saa tisa za usiku juu ya pikipiki isiyo na taa, na mwendeshaji amekunywa, yumo katika hatari kubwa kuliko ile ya wimbo wo wote.

Kwa hiyo, baba na mama, badala ya kupiga marufuku tu, ulizeni maneno haya: Unakwenda na nani? Utarudi na nani, na saa ngapi? Nauli ya kurudi umeitenga? Binti asiachwe kurudi peke yake. Usiku ukiwa mwingi, na alale kwa shangazi au mjomba aliyeko mjini, arudi kukipambazuka. Aliyekunywa asikabidhiwe usukani, hata akiwa ndugu. Tena kijana ajue kwamba dansi la Jumamosi haliondoi Misa ya Jumapili.

Na parokia zetu nazo zaweza kusaidia. Vijana wa VIWAWA wakipewa ukumbi siku ya Jumapili alasiri, wapige magitaa yao mchana, wazee wakae viti vya mbele wasikilize. Huenda tukasikia humo jambo ambalo watoto wetu wameshindwa kutuambia nyumbani.

Afadhali kijana anayeaga mlango wa mbele, nanyi mkajua alipo, kuliko yule ambaye habari zake mtaletewa alfajiri na wapita njia.